Kiti Kilikuwepo

Segese, jioni ya kuamkia safari yako

Limi mwanangu,

Umekwenda kuwaaga majirani, na jinsi ninavyowajua hawatakuachilia upesi. Kwa hiyo ninayo saa moja ya mwanga, labda na nusu. Nimekaa kibarazani na daftari ulilolibakisha. Gari lako liko mbele yangu limeoshwa, baiskeli moja ndani na mbili zimefungwa nyuma kwenye keria, na kila anayepita njiani anasimama kuuliza ni la nani. Nawajibu kwamba ni la mwalimu, anakwenda Geita kufundisha watoto wa kike mbio za baiskeli. Wengine wanacheka kidogo, wengine wanasema Mungu akubariki. Mzee mmoja ameniuliza kama kuna mshahara kwa kazi hiyo. Nimemwambia upo.

Mambo ya oili, upepo wa tairi na maji ya rejeta fundi amekueleza na wewe umeyaandika. Sitayarudia. Mimi si mtu wa kumfundisha mwenzake habari za magari. Nimechagua gari mara moja tu maishani, nikachagua vibaya, na ubaya wenyewe haukuwa kwenye injini. Nilikuwa nimeshazoea kutolizungumzia jambo hili. Lakini mwezi uliopita, pale yadi Kahama, ulisema neno moja, na tangu siku ile usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande.

Ulinichukua nikusaidie kuchagua. Nilikuja, lakini sikusema kitu, na niliona umeshangaa. Muuzaji alituonyesha lile jeupe la chini, linalong'aa, la viti vya ngozi, na wewe ukalizunguka mara moja tu ukamwambia asante. Akatuonyesha jingine kubwa mno, la kubebea ukoo mzima, ukamwambia hilo litakula mafuta kuliko wewe unavyokula. Halafu ukaliona hili, dogo, la kijivu, la juu kidogo, limesimama pembeni kama halitaki kununuliwa. Hukuuliza habari za redio. Ulichuchumaa ukatazama uvunguni, ukapima kwa mkono wako kutoka ardhini, ukasema litapita kwenye mbuga za tope mvua zikianza. Ukaufungua mlango wa nyuma mpaka mwisho. Kisha ukatoka nje, ukarudi unaisukuma baiskeli yako katikati ya magari yote yale yaliyong'arishwa, huoni aibu hata kidogo. Ulichomoa gurudumu la mbele, ukakunja kiti kimoja cha nyuma, ukaiingiza baiskeli, ukaniambia nikae kwenye nafasi iliyobaki. Ukafunga mlango ukauliza, "Baba, magoti yanatosha?"

Nikasema yanatosha.

Ndipo ukamgeukia muuzaji. Ulimwambia kwamba unataka gari la kubeba wasichana watatu na baiskeli zao tatu, wakati mmoja, pasipo kumwacha mtu. Yule bwana akasema kwa upole kuwa wengine wanaweza kutangulia kwa basi. Ukamjibu, na sauti yako haikupanda wala kushuka: "Nilipokuwa mdogo baiskeli yangu ilichukua nafasi ya kaka yangu garini, akafa barabarani. Sitaki tena."

Mimi nilikuwa ndani ya gari, baiskeli imenigusa bega. Nilisikia kila neno. Nikatazama mbele.

Limi, si kweli. Baiskeli yako haikuchukua nafasi ya mtu yeyote. Ninakuandikia kukwambia jinsi ilivyokuwa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yako Mabula kumi na tisa. Mwaka ule mimi nilikuwa na sehemu yangu kwenye duara, shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Tulichimba shimo lile kwa muda mrefu tukila ugali na chumvi, mpaka siku moja tukaukuta mwamba wenye dhahabu, na mawe yetu yakawa yanasubiriwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kama bwana harusi. Hukuona jinsi nilivyobadilika, ulikuwa mtoto. Mama yako aliona. Nilianza kutembea polepole. Nilianza kusalimiwa shikamoo na watu wa umri wangu, nikaitikia marahaba.

Nikasema nanunua gari. Mabula alifurahi kuliko sisi sote, kwa sababu zake. Wakati ule alikuwa anakwenda kwenye mashindano kwa kuendesha baiskeli. Anaondoka hapa alfajiri, anafika Kahama au Shinyanga amechoka, anashindana na vijana walioletwa na magari, halafu anarudi kwa baiskeli ileile. Hata hivyo alikuwa anashika nafasi ya tatu, ya pili. Wewe nawe ulikuwa umeanza mbio za watoto, yeye ndiye aliyekufundisha, akikushika nyuma ya tandiko pale barabara ya mnadani. Akaniambia, "Baba, tuchukue gari la juu, lenye mlango mkubwa nyuma. Tukilaza viti, baiskeli zangu na za Limi zinaingia. Hata mbegu za pamba zitaingia." Alikuwa ameshafikiria na shamba.

Tulikwenda yadi pamoja. Alikuja na baiskeli yake ili apime, kama ulivyofanya wewe. Hukuwa umesikia habari hiyo, maana sikuwahi kuisimulia, na ndiyo maana ulipotoka kwenda kuchukua baiskeli yako nilidhani namwona yeye. Siku ile na Mabula, mwenye yadi alituona tunaingia, baba aliyevaa koti jipya na kijana mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi akisukuma baiskeli, akasema magari haya hayakutengenezwa kwa ajili ya baiskeli, yametengenezwa kwa ajili ya watu. Wateja waliokuwepo wakacheka. Nilicheka kuliko wao. Nikamwambia Mabula akaiegemeze ukutani huko nje, anitie haya kwa nini.

Akaiegemeza nje. Hakuingia tena. Nilichagua peke yangu.

Unalikumbuka gari lile. Jeusi, la chini, rimu za kung'aa. Unaweza ukawa unakumbuka harufu yake, maana ulikuwa unapenda kulala kwenye kiti cha nyuma lilipokuwa limesimama. Lilikuwa zuri na wala halikuwa na kosa. Gari halina kosa, mwanangu. Lilitengenezwa kwa ajili ya lami na mtu mmoja na mkewe wanaokwenda harusini, mimi nikalileta kwenye changarawe na mashimo ya Msalala, kwa familia ya watu wa baiskeli na pamba. Kila jiwe lilikuwa linagonga chini nami nasikia kama limenigonga mbavuni. Kwenye buti lake iliingia baiskeli moja ndogo, yako, na mfuniko haukufunga, tukaufunga kwa mpira. Ya Mabula ilikaa juu ya paa, juu ya gunia lililokunjwa. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo ilichuna rangi mstari wa urefu wa kidole. Nilimsema kwa ule mstari wiki nzima. Yeye akautafutia rangi ya kucha dukani ili aufunike. Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye kwamba alikuwa anajaribu kuufunika.

Ukitaka kujua nilichojifunza hapo, ni hiki, na sikukisoma mahali: mtu akishanunua kitu kwa ajili ya macho ya watu, anaanza kuwaonea wivu watoto wake mwenyewe wasikiguse. Nilikuwa namwonea mwanangu kwa sababu ya rangi.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Nimesimama kidogo nikaenda kunywa maji. Mama yako yumo ndani anapanga mizigo, hatujasemeshana tangu mchana, nitakueleza.

Mashindano yalikuwa Kahama. Mimi nilikuwa nimemwalika mtu, yule mnunuzi wa dhahabu tuliyekuwa tunamwita Bosi Luhende, ambaye nilitaka tuingie naye ubia kwenye duara jipya. Alikuja na rafiki yake. Tulikaa kivulini, nikawaagizia soda na nyama, nikawaambia, na nakumbuka nilivyojipigapiga kifua, kwamba mwanangu leo anachukua ya kwanza. Bosi Luhende akasema tutaona. Wewe ulishika ya pili kwa watoto na ukazawadiwa kanga. Mabula alikuwa wa sita.

Wa sita kati ya wanaume wale wote, Limi, wengine wana baiskeli nyepesi za nje, yeye ana ile nzito aliyoiunga mwenyewe. Leo ningemvika shada. Siku ile Bosi Luhende aliniangalia tu, akatabasamu akachukua mshikaki mwingine, na mimi nikahisi nimevuliwa nguo.

Tulipotaka kuondoka, wageni wakaomba lifti mpaka hapa Segese. Nilifurahi. Ndipo Mabula akaja anasukuma baiskeli, midomo imekauka, chumvi ya jasho imeganda shingoni. Nilimwambia siwezi kuweka baiskeli juu ya gari langu mbele ya wageni, tutaonekana kama wauza kuni. Ziachwe zote mbili Kahama. Wewe ulilia hutaki yako iachwe. Unakumbuka, najua unakumbuka, kwa sababu kilio kile ndicho ulichokibeba miaka yote hii. Nikaitia yako kwenye buti ili ukome kulia, nikakuweka kwenye kiti cha nyuma, nikafunga mlango na kioo, nikawasha kiyoyozi. Yaliyosemwa nje baada ya hapo hukuyasikia.

Mabula alinisogelea, akaongea polepole ili wageni wasisikie. Alisema, "Baba, miguu imekwisha. Yangu tuiache kwa mama mdogo, mimi nipande gari. Nitaifuata Jumatatu."

Hilo ndilo aliloniomba. Aliomba yeye mwenyewe abebwe, na baiskeli yake ibaki.

Na kiti kilikuwepo. Wewe unakumbuka gari lilikuwa limejaa. Halikujaa. Mbele tulikuwa mimi na Bosi Luhende. Nyuma ulikuwa wewe na yule rafiki yake, na katikati yenu kulikuwa na begi la yule rafiki. Begi. Lingekaa mapajani, lingekaa miguuni. Kwa mama mdogo palikuwa mwendo wa dakika kumi, wageni wangesubiri kidogo na wasingekufa. Niliyajua yote hayo wakati ule ule, siyo baadaye. Sikukosa akili, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeaibika, na aliyeniaibisha alikuwa amesimama mbele yangu ananuka jasho, anataka kukaa karibu na mgeni wangu kwenye viti vyangu.

Nilimjibu kwa sauti, ili Bosi Luhende asikie. Nilisema, "Wanaobebwa ni walioshinda. Wewe panda baiskeli yako urudi, ujifunze."

Wageni walicheka. Mabula naye alitabasamu kidogo, lile tabasamu la kijana anayejaribu kuonyesha kwamba mzaha wa baba yake umemfurahisha. Akasema, "Sawa, baba." Akageuza baiskeli.

Tulimpita baada ya Kahama kidogo. Wewe ulimpungia mkono, nakumbuka, na yeye akatoa mkono mmoja kwenye usukani akakupungia. Barabara ile haikuwa na lami wakati huo. Niliongeza mwendo ili Bosi Luhende aone gari linavyovuta, na nilipotazama kwenye kioo sikuona kitu nyuma isipokuwa vumbi langu mwenyewe.

Nyumbani, mama yako alitoka na maji ya kunawa wageni, akahesabu watu kwa macho kama kawaida yake. Akaniuliza Mabula yuko wapi. Nikasema, "Anakuja na baiskeli. Ametaka mwenyewe."

Angalia, mwanangu, uwongo huo niliusema yeye akiwa bado mzima, yuko njiani anakanyaga. Niliusema kirahisi tu, kwa kuwa mama yako asingependa ukweli na mimi sikutaka ugomvi mbele ya wageni. Ulikuwa uwongo mdogo wa kumaliza jioni. Kama angefika ungeyeyuka, pengine tungeucheka. Hakufika, na neno nililolisema kwa ajili ya saa moja likawa ndilo neno la maisha yangu yote.

Jua lilikuwa bado halijazama alipokuja mtu wa pikipiki. Alinisalimia kwanza. Akasema, "Baba Mabula, twende, kijana wako ameanguka." Neno kuanguka likanipa moyo kwa muda wa safari yote ile. Nilimkuta wamemfunika kanga. Lori lililokuwa limebeba mawe kupeleka karasha ndilo lililompiga. Dereva alikuwa amekaa chini kando ya barabara analia, akasema yule kijana alikuwa pembeni vizuri, halafu akaanza kuyumba kama mtu anayesinzia, akaingia katikati. Watu walitaka kumpiga dereva. Niliwazuia, wakasema Baba Mabula ana roho ya ajabu. Sikuwa na roho ya ajabu. Nilijua kwa nini kijana alikuwa anasinzia juu ya baiskeli.

Kwenye mazishi ndugu wa mama yako walikuja kutoka Ushirombo, na wote waliuliza swali moja, na wote niliwapa jibu lile lile. Ametaka mwenyewe. Hata padri alilitumia kwenye mahubiri, akasema alikuwa kijana aliyeipenda baiskeli yake mpaka safari ya mwisho. Watu waliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa benchi la mbele na nikaitikia kwa kichwa na wao. Bosi Luhende alikuja, akakaa nusu saa, akanishika mkono. Yeye na rafiki yake ndio watu wawili peke yao waliosikia, na hawakusema, na hawakuonekana tena hapa. Hata ubia hakuutaja tena. Nafikiri aliogopa kuingia shimo moja na mtu kama mimi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili kwangu ni zito kuliko barabara, maana lile la barabara nilikuwa na hasira, hili sikuwa na hasira yoyote.

Siku chache baada ya matanga kuisha nilikuona unasukuma baiskeli yako kupita nyuma ya nyumba. Nikakufuata kwa mbali. Ulikwenda mpaka kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji, ukaisimamisha ukingoni, ukaisukuma ikatumbukia. Ilichukua muda kabla ya kusikika. Nilipokufikia nikakuuliza kwa nini. Hukulia. Ulisema, "Ndiyo iliyochukua nafasi ya kaka."

Tulikuwa wawili tu pale. Mimi nilikuwa na maneno matatu ambayo yangekutua mzigo palepale: kiti kilikuwepo, mwanangu. Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi utakavyonitazama. Nikasema, "Usiseme hivyo," nikakushika mkono tukarudi nyumbani.

Niliogopa macho ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikamwachia alale na kifo cha kaka yake ili mimi niendelee kuitwa baba. Nilijiambia utasahau, watoto husahau. Ulipoacha kula vizuri nikasema ni huzuni, itapita. Ulipokaa miaka mitano hutaki hata kugusa baiskeli ya mtu, nikasema ni afadhali, utakuwa salama. Na ulipoanza tena kuendesha, kwa kujificha, ile ya kuazima kwa katekista, mimi ndiye niliyekukataza kwa ukali, ukadhani nakuogopea. Sikuwa nakuogopea wewe, ng'wana wane, mwanangu. Kila nilipokuona juu ya baiskeli nilisikia ile sauti yangu nikisema ujifunze.

Gari nililiweka chini ya banda likakaa mpaka kuku wakalifanya lao. Baadaye alikuja mtu wa Songwa akalivuta kwa trekta. Duara letu maji yaliingia, wenzangu wakahamia kwingine, mimi nikarudi kwenye dengu na pamba. Watu wanasema Baba Mabula alivunjwa na msiba. Niliwaacha waseme, maana mtu aliyevunjwa na msiba haulizwi maswali.

Sasa ushauri. Sina mwingi. Wewe hukunihitaji mimi kuchagua gari. Ulianza na watu na vitu utakavyobeba, ukaja kwenye barabara utakayopita, rangi ukaiona mwisho. Mimi nilianza na rangi nikaishia hapohapo. Lakini gari zuri halitakutosha peke yake, na hili nakuomba ulisikie kutoka kwa mtu aliyelijaribu upande mbaya. Ipo siku utakuwa na wasichana wako mahali fulani, Katoro au Runzewe, kuna mkubwa wa shule au mfadhili anaangalia, na yule uliyemtegemea atashika ya sita. Utasikia kitu kinapanda kifuani, moto fulani, na utataka kumwadhibu kwa kidogo tu, kwa neno tu. Siwezi kukwambia usisikie moto huo, labda ni wa damu yetu. Ninachokwambia ni kwamba yule wa sita apande wa kwanza. Mengine utayafikiria mkiwa njiani.

Na siku ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku hiyohiyo hata kama ni kwa mtoto. Kila siku niliyochelewa neno hili lilizidi kuwa gumu, si kwa sababu wewe ulikuwa unakua bali kwa sababu mimi nilikuwa nazoea.

Leo mchana, ulipokwenda kwa fundi, nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua choroko. Nilimweleza kama nilivyokueleza hapa, na maneno yenyewe niliyomwambia Mabula. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua, halafu nikaona anatupa choroko nzima na kubakiza mawe. Akaniuliza kitu kimoja tu, Mabula alijibu nini. Nikamwambia alisema sawa, baba. Akalia hapo, na mimi sikumgusa kwa sababu sikuona kama nina haki hiyo.

Nilimwambia nitakueleza usiku wa leo tukishakula. Akakataa. Alisema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo ataona unavyotetemeka, atakuhurumia, atakusamehe kabla hajasikia vizuri. Na yeye mwenyewe hajahurumiwa na mtu."

Ni kweli. Kwa hiyo naandika, na sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Sitaki ujibu haraka. Usipojibu nitaelewa, na Krismasi usipokuja sitamtuma mtu kukuuliza. Ninalokuomba ni dogo na si kwa ajili yangu: jioni moja ukiwa umetulia, lirudie lile neno ulilomwambia muuzaji, na uiondoe baiskeli yako. Weka jina langu hapo. Lisikie linavyokaa. Ulikuwa mtoto uliyelia kwa kuwa unapenda kitu chako, kama watoto wote wanavyolia, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo.

Barua hii nimeshakubaliana na mama yako ataibeba yeye, akukabidhi mkishafika Geita na umeshapumzika, maana haifai kusomwa na mtu anayeshika usukani. Wewe unajua anakusindikiza kukusaidia kupanga nyumba kwa siku mbili tatu. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga.

Dakika chache zilizopita nimeingia ndani kutafuta kalamu nyingine. Amefunga nguo zake zote. Amechukua hata picha ya Mabula kutoka ukutani, na rozari yake, na blanketi lake la masika. Nilisimama mlangoni. Hakuniambia atarudi lini, na mimi sikumuuliza.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu.

Mimi,
Baba Mabula